Maji ya Mashine Yanakwenda Wapi? Dhana Potofu za Kufua Nguo Katika Fleti za Korea

Kila baridi inapokaza Seoul, hutokea mgeni kati ya wale ninaowapokea katika fleti za kupanga akaniambia kwamba, maadamu mashine ya kufulia imo ndani ya nyumba, baridi ya nje haimhusu. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi mno.

Katika fleti nyingi, hasa za majengo ya zamani, mashine huwekwa kwenye roshani iliyozibwa kwa vioo, na roshani hiyo haipati joto la ondol, yaani maji ya moto yanayopitishwa chini ya sakafu za vyumba. Maji machafu ya mashine huteremka katika bomba la wima ambalo ghorofa zote za upande huo hulitumia kwa pamoja. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hasi kwa siku kadhaa, bomba hilo huganda na kuziba sehemu za chini, kwa hiyo maji ya sabuni ya mtu wa ghorofa ya 12, asiyeona dalili yoyote ya hitilafu, huibukia katika tundu la kutolea maji la roshani ya jirani wa chini kabisa na kugandia sakafuni kwake. Wako wanaojitetea kwamba walifua kwa maji ya moto, kana kwamba maji hayo yatabaki moto hadi yafike chini. Na hata hivyo, kwa kawaida mashine husuuza kwa maji baridi. Wengine huhamishia mpira wa kutolea maji wa mashine kwenye tundu la roshani ya mbele, wasijue kwamba katika majengo mengi bomba la huko ni la maji ya mvua, ambalo huweza kuipeleka sabuni mtoni bila kusafishwa.

Sauti inayotoka kwenye kipaza sauti cha ndani ya fleti, ambayo wageni huidhania tangazo la biashara, siku hizo aghalabu ni ofisi ya usimamizi wa jengo ikiwaomba wakazi wasifue. Ukisikia neno setakgi, ambalo ndilo mashine yenyewe, usiiguse. Beba nguo zako uende ppallaebang, duka la kufulia la kujihudumia ambalo mara nyingi hufunguliwa saa 24 na lina mashine kubwa za kukaushia. Binafsi ningefanya hivyo hata wakati wa joto, kwa mablanketi.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Si kila chupa yenye picha ya maua ni sabuni: yenye maandishi 세제 ndiyo sabuni, na yenye 섬유유연제 ni dawa ya kulainisha nguo, ambayo mgeni wangu mmoja alifulia wiki tatu huku akilalamikia mashine. Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja haikaushi mzigo wote inaoweza kufua, bali karibu nusu yake. Kufua saa 5 usiku si haki ya mpangaji, kwa kuwa mtikisiko wa kukamua husikika ghorofa ya chini.

Kuhusu hofu kwamba nguo zikianikwa ndani zitavunda, inategemea msimu. Wakati wa baridi hewa ya vyumba vyenye ondol ni kavu mno, na nguo zilizoanikwa jioni aghalabu hukauka kufikia asubuhi. Ni katika jangma, mvua za mwishoni mwa Juni na Julai, ndipo zinapovunda zisipowekewa feni au mashine ya kuondoa unyevu.