Halojeni: mivutano miwili inayochanganywa

Kila mwaka nikifika kundi la 17 la jedwali la elementi, yaani halojeni, kuna mwanafunzi ananyoosha mkono: "Mwalimu, mbona iodini ni yabisi na florini ni gesi, halafu unasema florini ndiyo kali zaidi?" Nalipenda sana swali hili. Anayeliuliza amekataa kukariri mishale ya kupanda na kushuka.

Ipo mivutano miwili hapa, na kila mmoja una kazi yake.

Wa kwanza uko ndani ya atomi. Halojeni zote zina elektroni saba kwenye obiti ya nje, imepungua moja tu zitimie nane. Florini ina obiti mbili, kwa hiyo elektroni ngeni hufika karibu na kiini ikashikwa barabara. Iodini ina obiti tano. Elektroni ya nje iko mbali, tena imekingwa na za ndani, na kiini huivuta kwa taabu. Ndiyo maana ukali, yaani wepesi wa kunyakua elektroni, hupungua kutoka florini, klorini, bromini hadi iodini. Florini ina sababu ya ziada: molekuli yake ni atomi mbili zilizobanana mno, elektroni zao husukumana, na kifungo chao huvunjika kirahisi kuliko cha klorini. Walioitafuta waliumia, wengine wakafa, hadi mkemia Henri Moissan alipofaulu kuitenga huko Ufaransa mwaka 1886.

Mvutano wa pili uko kati ya molekuli na molekuli. Huu hutegemea wingi wa elektroni: kadiri molekuli inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyonata kwa jirani yake. Florini huchemka kwenye nyuzi -188 za Selsiasi, klorini -34, bromini 59, iodini 184. Kwa hiyo katika joto la kawaida la darasani mbili za kwanza ni gesi, bromini ni kimiminika cha rangi ya damu ya mzee, na iodini ni chembe nyeusi zinazong'aa. Kunata huko si ukali. Ukiipasha iodini polepole, mvuke wa zambarau hujaa kwenye neli kabla hata haijayeyuka, na wengi huamini kwamba haiyeyuki kabisa. Huyeyuka, kwenye nyuzi 114.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kunyang'anyana. Chukua myeyusho wa potasiamu iodidi (iodidi ni iodini iliyokwisha kupata elektroni ya nane), mweupe kama maji, dondoshea maji ya klorini. Papo hapo hugeuka kahawia kama chai ya rangi: klorini imepora elektroni za iodidi, na iodini imebaki huru. Ongeza tone la uji mwepesi wa muhogo uliopoa, utaona bluu nzito inayokaribia weusi. Fanya kinyume, iodini kwenye kloridi, na hakuna kitakachotokea hata ungoje hadi kengele ya mwisho.

Sasa nenda jikoni. Chumvi yetu huongezwa madini joto ili kuzuia rovu, na madini joto ndiyo iodini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kudondoshea uji wa muhogo kwenye chumvi ya kwao, akaona haibadiliki rangi, akahitimisha kwamba wameuziwa chumvi bandia. Hapana. Uji hugeuka bluu kwa iodini huru tu, na katika nchi zenye joto na unyevunyevu kama zetu, kinachowekwa kwenye chumvi kwa kawaida ni potasiamu iodeti, ambamo iodini imeungana na oksijeni. Iodidi ingefaa kiafya, ila iodini huishikilia elektroni yake kwa ulegevu: hewa yenye unyevu huipokonya taratibu, iodini inabaki huru, na kwa kuwa mnato wa molekuli zake, ingawa unazidi wa halojeni nyingine tatu, bado ni mdogo, inatoweka kama mvuke kutoka kwenye pakiti. Iodeti imekwisha kupokonywa elektroni hizo tangu kiwandani, kwa hiyo hewa haina cha kuichukulia.