Eti Debian ibebe systemd na sysvinit zote, kwani shida iko wapi?

Wadau, hapa Arusha mafundi wa seva tukikutana hili swali halikosi, na juzi pale mtaa wa Sakina jamaa yangu mmoja kalishikia bango kweli, eti Debian ibebe zote mbili tu. Kwa mgeni: Debian ni mfumo endeshi wa familia ya Linux, na systemd na sysvinit ni programu mbili tofauti za kuwasha huduma zote mashine inapoamka; sysvinit ndo ya zamani, inatumia skripti. Naona wengi wanaamini kama yeye so ngoja niliseme.

Dhana: ni kuandika faili mbili za kuwashia kila huduma badala ya moja, basi.

Ukweli: kuandika ndo sehemu nyepesi, kazi iko kwenye kutunza. Nina mteja Moshi ana seva mbili, moja Debian yenye systemd, nyingine Devuan (tawi la Debian lisilotumia systemd) yenye sysvinit, programu ni ileile. Umeme ukakatika, ukarudi, databesi ikagoma kote kuwili kwa sababu iliwaka kabla diski ya nje haijaamka. Kwenye systemd nikaongeza mstari mmoja, RequiresMountsFor, ikawa inaisubiri diski. Kule kwingine ikabidi niandike lupu ya kuisubiri diski ndani ya skripti ya kuwashia iliyoko /etc/init.d, niweke muda wa kukata tamaa, halafu nizime na kuwasha mashine mara kibao kuhakikisha. Hiyo ni huduma moja tu jamani! Sasa Debian ina maelfu ya pakiti, watunzaji wengi wanajitolea, na mtu akiripoti tatizo inabidi kwanza aulizwe anatumia ipi.

Dhana: mwenye desktop hayamhusu.

Ukweli: GNOME, ile desktop yenyewe unayoiona kwenye skrini, inategemea logind (inayosimamia watumiaji walioingia) ambayo ni sehemu ya systemd, ukiitoa lazima uweke mbadala kama elogind, nayo lazima kuwe na watu wa kuitunza.

Dhana: Debian walipiga marufuku nyingine zote.

Ukweli: hapana. Februari 2014 kamati yao ya ufundi ilichagua systemd iwe difolti, ikaingia na Debian 8 mwaka 2015. Kura ya Desemba 2019 ikasema nguvu iende kwenye systemd ila wanaotaka kufanyia kazi mbadala waruhusiwe. Ambao hawakuridhika na ule uamuzi wa 2014 ndo waliotengeneza Devuan, toleo 1.0 likatoka 2017. Na Gentoo, Linux nyingine, wanabeba systemd pamoja na OpenRC (nayo ni ya kuwasha huduma) mpaka leo, kwa hiyo inawezekana kabisa, ila lazima kuwe na watu wa kuibeba.

Jamaa yangu wa Sakina namwambia hivi, kuna pakiti ya Debian inaitwa orphan-sysvinit-scripts, inakusanya skripti za sysvinit ambazo watunzaji wenyewe wameziacha. Skripti anazijua vizuri kuliko mimi, aanzie hapo.