Je, wajua kwa nini vita vya Sierra Leone havikugeuka kuwa vya dini?

Ukimwambia mtu kwamba mashehe na maaskofu ndio waliokwenda kuzungumza na waasi wa Sierra Leone, papo hapo hujijibu mwenyewe: kumbe Waislamu na Wakristo walikuwa wakichinjana, wakubwa wao wakaja kuwatuliza. Sivyo. Vita vile, vilivyoanza Machi 1991 na kutangazwa kwisha Januari 2002, havikuwa vya dini. Foday Sankoh na waasi wake wa kundi la RUF waliokota vijana waliochoshwa na serikali fisadi, wakateka watoto na kuwapa bunduki, wakasaidiwa na Charles Taylor wa Liberia, na almasi ikalipia silaha. Waliokatwa mikono walikuwa wa dini zote mbili, na waliowakata pia. Misikiti na makanisa yalichomwa moto kama yalivyochomwa maduka.

Kwa hiyo linalostahili kuulizwa ni hili: Waislamu ni takriban robo tatu ya watu wote, Wakristo karibu robo, na nchi ilishavunjika vipande. Mbona hakuna aliyeweza kuwagombanisha kwa dini?

Chukua mchele na choroko mbichi. Hata vikichanganyika, mtu mwenye ungo na subira atavitenga. Vikishapikwa pamoja vikawa mseto, ungo hausaidii tena. Sierra Leone ilishapikwa zamani. Ahmad Tejan Kabbah, rais aliyetia saini mkataba wa amani, alikuwa Mwislamu aliyesoma shule ya Kikatoliki, na mkewe Patricia alikuwa Mkristo. Hilo halikuwa la Ikulu tu. Ndugu wa tumbo moja kugawana msikiti na kanisa ni jambo la kawaida huko. Mkutano wa hadhara hufunguliwa kwa dua mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, na si ajabu kumsikia Mwislamu akiisali Baba Yetu bila kukosea neno, maana aliikariri shuleni.

Hata hivyo, kuoana peke yake hakutoshi. Sarajevo nako walioana sana, na vita vya Bosnia vikaja 1992. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Bosnia dini ilikwenda sambamba na kabila na chama. Sierra Leone mistari hiyo inakatana: kabila la Wamende lina Waislamu na Wakristo, la Watemne vilevile, ingawa Waislamu ndio wengi. Siasa hugawanyika zaidi kwa kusini na kaskazini, kwa vyama vya SLPP na APC. Anayetaka kuwachochea Waislamu anajikuta anawachochea wapiga kura wa mpinzani wake pia.

Ndiyo maana Baraza la Dini Mbalimbali, la viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo, lililoundwa 1997, liliweza kuingia kwa Kabbah na kwa Sankoh pia. Mkataba wa amani wa Lomé wa Julai 1999 ulilitengea viti viwili kati ya vitano katika jopo la wazee na viongozi wa dini, lililopewa kazi ya kuamua pande zikibishana juu ya maana ya vifungu. Si mara nyingi mkataba wa kumaliza vita hukabidhi tafsiri yake kwa watu wa msikitini na kanisani.

Baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano iliongozwa na askofu wa Kimethodisti, Joseph Humper, na sikuona ajabu. Kilichonigusa zaidi ni vikao vyake vya wilaya ya Tonkolili mwaka 2003. Wapiganaji wa zamani walisema machache mno, ukweli ukawa haba, lakini siku ya kufunga walipiga magoti mbele ya wazee kuomba radhi, na ukumbi mzima ukabadilika. Radhi zilitolewa. Fidia ndiyo iliyochelewa: wapiganaji walipata mafunzo ya ufundi mapema, waliokatwa mikono wakasubiri miaka, na manung'uniko yao hayakuwa na dini.