Maria Bethânia hakubebwa na kaka yake

Nilimjua Maria Bethânia, mwimbaji wa Brazil, kupitia filamu ya makala ya Georges Gachot, Música é Perfume, ya mwaka 2005. Sauti yake nzito ilininasa papo hapo. Lakini kila ninapomtaja kwa wapenzi wa muziki wa Brazil, narudishiwa maneno yasiyomtendea haki.

"Si yule dada yake Caetano Veloso? Kaka ndiye aliyemtoa." Caetano naye ni mwimbaji na mtunzi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwezi Februari 1965 Bethânia, msichana wa miaka 18 kutoka Santo Amaro, Bahia, aliitwa Rio de Janeiro kushika nafasi ya mwimbaji Nara Leão katika onyesho la muziki liitwalo Opinião. Baba yao hakutaka aende peke yake, akamtuma Caetano amsindikize. Aliyeitwa jukwaani ni dada. Akaimba Carcará, wimbo wa João do Vale na José Cândido kuhusu ndege mla nyama wa nyanda kame za kaskazini-mashariki, na jina lake likavuma nchi nzima. Upande wa pili wa santuri ya Carcará kulikuwa na De Manhã, utungo wa Caetano. Kwa hiyo sauti ya dada ndiyo iliyozifikisha mbali tungo za kaka. Kaka naye alikuwa amempa kitu kimoja zamani: jina. Hajatimiza hata miaka minne, aliomba mtoto aitwe Maria Bethânia, kama wimbo aliokuwa akiupenda.

Wengine humwita mwimbaji wa siasa. Naelewa chanzo chake: jeshi lilikuwa limepindua serikali mwaka 1964, na waliosikia Carcará walisikia njaa na dhuluma. Yeye alikataa kufungiwa humo, akaimba mapenzi bila kuomba radhi. Hata Tropicália, vuguvugu la muziki la kaka yake na mwanamuziki Gilberto Gil, hakujiunga nalo.

Kwamba asiyetunga si msanii kamili? Nyimbo zake nyingi ni za watunzi wengine, na jukwaani huzifuma pamoja na mashairi ya Mreno Fernando Pessoa mpaka yanakuwa kitu kimoja. Albamu yake Álibi ya 1978 iliuza nakala zaidi ya milioni moja, na hakuna mwanamke wa Brazil aliyekuwa amefika hapo kabla yake.

Na wanaodhani anaimba Kihispania wanakosea. Ni Kireno, lugha iliyotuachia maneno "meza" na "bendera". Msikilize vizuri, utayaokota.

Wapo pia wanaodhani mtu asiye mwimbaji wa samba hana lake kwenye karnivali. Mwaka 2016 Mangueira, moja ya shule za samba, yaani vikundi vinavyoshindana kwenye karnivali, ilimtungia onyesho zima, ikamwita mboni ya jicho la Oyá, mungu wa upepo na dhoruba ambaye Waafrika waliouzwa utumwani walivuka naye bahari. Mangueira wakatwaa ubingwa wa Rio.