IP ya umma ni nini, na inasema nini kukuhusu

Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yako, huenda ukakuta anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, kama 192.168.1.7. Kisha ingia tovuti yoyote ya kuangalia IP: utaonyeshwa namba nyingine kabisa. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ya ndani. Umepewa na ruta yako, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, na nyumba chungu nzima duniani zinatumia hiyohiyo. Ya pili ndiyo IP ya umma. Kila tovuti unayoifungua huiona, la sivyo isingejua majibu iyapeleke wapi.

Namba zenyewe ni haba. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia lilikauka Februari 2011. Kwa hiyo kampuni za simu huwarundika wateja wengi nyuma ya IP moja. Wewe uko Tunduma, mwenzako yuko Korogwe, na mtandaoni mnaweza kuonekana kwa namba ileile. Ndiyo maana tovuti nyingine hukutaka uthibitishe kwamba si roboti, nawe ndiyo kwanza unabisha hodi. Umebeba msala wa mtu usiyemjua.

Kuna vijana hupenda kutishana: "IP yako ninayo, nakuja kwako." Porojo. Ramani za IP zinakisia, na zikikosea zinakosea vibaya. Kampuni ya Marekani ya MaxMind, kila iliposhindwa kujua IP ya nchini humo iko mji gani, iliiweka katikati ya nchi. Nukta hiyo ikaangukia shamba moja karibu na Potwin, Kansas, ikabeba IP zaidi ya milioni 600. Kwa miaka mingi watu wa shambani walivamiwa na polisi, wapelelezi wa kodi na watu waliotapeliwa, wote wakimsaka mhalifu asiyekuwepo. Mwaka 2016 mambo yalipofichuka, kampuni ikaihamishia nukta ziwani.

Anayekujua hasa ni mtoa huduma wako. Kumbukumbu zake zinaweza kuonyesha IP fulani, saa fulani, ilikuwa mikononi mwa laini ipi, na laini kwetu Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole. Polisi wakifuata utaratibu wa sheria, jina linapatikana.

Na VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva zake kwanza? Inaificha IP yako kwa tovuti, na mtoa huduma haoni tena unatembelea wapi. Anayeona sasa ni mwenye VPN, kwa hiyo zile za bure nazitilia shaka sana. Seva zina gharama, na kuna mtu anailipa. Halafu unaiwasha, unachagua Uholanzi, unaingia Facebook kwa jina lako na namba yako ya simu. Facebook inaona IP ya Uholanzi, na inajua ni wewe yuleyule wa jana.