Kumlea mtoto aliyefikiwa na unga akiwa tumboni: maswali ya walezi

Kwenye mwambao wetu, kuanzia Malindi na Mombasa mpaka Tanga, Dar es Salaam na Unguja, heroini, yaani unga, si habari ya magazetini tu. Mitaa mingi ina vijana wake maskani, na miongoni mwao wamo wasichana, na wasichana hupata mimba. Mtoto akizaliwa, mara nyingi anayebaki naye ni bibi au mama mkubwa. Mara nyingine ni familia iliyokabidhiwa mtoto na ustawi wa jamii kwa malezi ya kambo. Maswali yafuatayo ni ya walezi hao, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini.

Mtoto huyu amezaliwa teja?

Hapana. Teja anaitafuta dawa huku akiona inavyomharibia maisha. Mtoto mchanga hatafuti chochote zaidi ya maziwa na joto la mtu. Kilichotokea ni kwamba heroini, methadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini kama tiba), na dawa za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini zote hupita kwenye kondo la nyuma, na mwili wake ukazoea kupata dawa kila siku. Kitovu kilipokatwa, dawa nayo ikakatika. Ni arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, ile ile inayojulikana maskani, ila hii ya mtoto haina hamu wala kumbukumbu ya dawa ndani yake, na ikiisha imeisha. Anayemwita "katoto ka teja" mbele yako, mkatize hapo hapo, maana jina la namna hiyo humfuata mtoto mpaka shuleni.

Arosto ya mtoto inaonekanaje, na inakaa muda gani?

Kama mama alikuwa anatumia heroini, dalili huanza mara nyingi ndani ya saa 24. Kama alikuwa kwenye methadoni, huweza kuchelewa mpaka siku ya 3 au zaidi, na ndiyo maana mtoto wa namna hii anafaa kukaa chini ya uangalizi wodini siku 5 hadi 7 hata kama siku ya kwanza alionekana mzima kabisa. Utasikia kilio chembamba, kikali. Utaona mikono ikitetemeka, mwili umekakamaa, chafya na miayo mfululizo, jasho, kuharisha, na matako kuchubuka. Ananyonya kwa pupa lakini maziwa hayaendi, kwa sababu bado hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua.

Wale wenye hali nzito hupewa matone ya mofini hospitalini, kisha yanapunguzwa kidogo kidogo. Usishtuke ukiambiwa hivyo. Ndiyo tiba inayotumika duniani. Dalili kali huisha ndani ya siku au wiki chache. Usumbufu mdogo, kama usingizi wa kushtukashtuka na kulialia jioni, unaweza kuendelea mpaka miezi 4 au 6.

Analia usiku kucha. Majirani wanasema chango, wengine wanasema kijicho. Nifanyeje?

Majirani waache na yao. Marekani, ambako watoto hawa ni wengi, madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walianza kuuliza maswali matatu tu: anakula? Analala? Akibembelezwa ananyamaza? Utafiti uliofanyika katika hospitali 26 na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watoto waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 kwa wastani, wakati wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa zamani walichukua siku 14.9. Dawa ya kwanza ilikuwa mtu wa kumpakata mtoto mahali penye utulivu. Hiyo unaweza kuitoa hata kwenye chumba cha kupanga Tandale.

Anza na chumba. Taa iwe hafifu, redio izimwe, wageni wapungue. Mfunge kwa kanga nyepesi moja, si blanketi, maana joto la pwani linatosha na mtoto huyu hutoka jasho jingi. Mshike mgongo wake ukiwa kifuani kwako, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni, viganja vyake vikutane katikati, kidevu kisikandamizwe kifuani. Halafu mnese taratibu juu na chini.

Tena fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukimnesa, usimwimbie. Ukimwimbia, usimkodolee macho. Sisi tumezoea kumrusha mtoto, kumpigia makofi na kumsemesha vyote kwa pamoja, na bibi anafanya hivyo kwa mapenzi tele. Kwa mtoto huyu yote hayo yakija mara moja ni fujo. Ukiona anageuza uso, anatanua vidole, anapiga chafya, au ngozi inapata madoadoa, anakuambia imetosha. Nyamaza, msubiri atulie, ndipo uendelee. Kumvua nguo na kumlaza kifuani kwako, kama wanavyofanya kwa watoto njiti, husaidia sana.

Usimpe piritoni ili alale, wala dawa ya kikohozi, wala maji ya chango, wala uji. Dawa za kuleta usingizi zinaweza kumzuia mtoto mchanga kupumua. Wakati wa kulala mlaze chali mahali pagumu pasipo na mito, ndani ya chandarua, na asilale kitanda kimoja na mtu aliyevuta au kunywa. Akianza kujaribu kujigeuza, acha kumfunga kanga.

Na wewe mwenyewe? Saa tisa usiku, baada ya kilio cha muda wa saa tatu, hasira hupanda hata kwa mtu mpole. Mlaze chali mahali salama, toka nje, unywe maji, umwamshe mwenzio ashike zamu. Usimtikise kamwe: kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kumpofusha au kumuua.

Lini nisisubiri asubuhi?

Degedege, homa ya 37.5 au zaidi, kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, kubadilika rangi kuwa buluu, au kulegea na kushindwa kuamka. Usiseme "ni ile arosto yake." Homa kwa mtoto mchanga ihesabiwe kuwa ni maambukizi mpaka hospitali ithibitishe vingine, na degedege halina uhusiano wowote na mashetani.

Kuhusu maziwa?

Mpe kidogo kidogo na mara nyingi, maana kutetemeka na kulia hutumia nguvu nyingi na uzito hushuka upesi. Mpeleke kliniki kupimwa uzito mara nyingi zaidi ya watoto wengine katika wiki za mwanzo. Kama mama yuko imara kwenye methadoni, ameacha unga, na wahudumu wamekubali kwa upande wa VVU, kunyonyesha kunafaa na hata hutuliza arosto. Shangazi akijitolea kunyonyesha, apime VVU kwanza. Waislamu mnajua hilo lina hukumu zake za undugu wa kunyonya, kwa hiyo mliongee kama familia mapema.

Vipimo gani watu husahau?

Kipimo cha VVU hakisahauliki sana, kwa kuwa wahudumu huchukua tone la damu kisiginoni, na kipimo cha kingamwili hurudiwa akitimiza miezi 18. Kinachosahaulika ni homa ya ini C. Mama akiwa alijidunga sindano, uliza. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye virusi hivyo, takribani 5 au 6 huambukizwa. Kipimo cha kingamwili kabla ya miezi 18 hudanganya, kwa sababu kingamwili za mama bado zimo mwilini mwa mtoto. Homa ya ini B ina kinga ndani ya chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14, basi usiikose hata moja. Macho nayo yaangaliwe mwaka wa kwanza: makengeza na mboni zinazochezacheza huonekana zaidi kwa watoto hawa, na yakiwahiwa hutibika vizuri zaidi.

Akikua atakuwa na akili nzito?

Israeli, Asher Ornoy na wenzake waliwachunguza watoto waliozaliwa na mama wanaotumia heroini, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Waliolelewa nyumbani na wazazi waliokuwa bado wanatumia walibaki nyuma. Wale walioasiliwa wakiwa wadogo, kwenye nyumba zilizotulia, walikuwa na akili sawa na wenzao. Kilichoonekana kwa makundi yote mawili ni utundu uliozidi na shida ya kutulia kwenye jambo moja.

Kwa hiyo jiandae kwa mtoto asiyekaa kitini. Shuleni aketi mbele. Umpe agizo moja, si manne kwa mpigo. Akichelewa kuketi, kutembea au kusema, mpeleke, usingoje "atakapozoea." Fimbo haimtulizi mtoto wa namna hii. Na kama mama alikunywa pia gongo au mnazi kwa wingi akiwa na mimba, mwambie daktari, kwa sababu pombe huumiza ubongo wa mtoto tumboni kuliko heroini yenyewe, ingawa mitaani tunaichekea.

Mama yake yuko kwenye methadoni na anataka kumwona. Nimruhusu?

Methadoni ni tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011, na kwa kawaida mgonjwa humeza dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Mama mjamzito aliye kwenye methadoni hafai kukatishwa ghafla. Kumkatisha ndiko kunakohatarisha mimba. Kwa hiyo mtoto kuzaliwa na arosto ya methadoni si ushahidi wa uzembe wa mama, huenda ni ushahidi kwamba alijitahidi. Kuhusu kumwona, taratibu ni za afisa ustawi wa jamii, hasa kwenye malezi ya kambo, ambako mara nyingi lengo ni mtoto arudi kwao. Kama ni ndugu na mmeelewana nyumbani tu bila karatasi, nenda mkaandikishe. Bila karatasi utasumbuka siku ya kumwandikisha shule au ya kusaini apasuliwe.

Nimwambie lini?

Mapema, na kwa vipande. Wa miaka mitano anatosheka na "mama yako alikuwa mgonjwa, hakuweza kukulea, tukakuchukua." Wa miaka kumi atajiwe ugonjwa wenyewe kwa jina. Usimwachie shangazi mwenye mdomo amwambie siku ya msiba. Mwalimu hahitaji kujua historia ya mama. Anahitaji kujua kwamba mtoto anashindwa kutulia.

Daktari wake ajue yote. Akivunjika mkono au akifanyiwa upasuaji hakatazwi dawa kali ya maumivu, kwa sababu mwili wake haukumbuki ile ya tumboni. Ila uraibu hutembea kwenye ukoo, kama kisukari. Akifika ujanani aelezwe hivyo bila kutishwa, dozi ihesabiwe, na tramadoli iliyobaki irudishwe duka la dawa badala ya kuachwa kabatini.