Kwa nini mafua humzidi mtu mnene?

Kipupwe kikiingia, mafua hupita nyumba hadi nyumba, Unguja na Pemba. Wengi hupona kwa siku chache, lakini mara nyingi anayezidiwa ni yule mnene wa nyumba.

Mafuta yako tumboni. Kifua kinahusikaje?

Mafuta hayakai bure. Yale ya ndani ya tumbo hutoa homoni na kemikali mchana na usiku. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi, baadhi hukosa oksijeni na kufa. Chembe nyeupe za damu hukimbilia pale na kumwaga kemikali za kuamsha kinga, kama interlukini-6. Hiyo ndiyo inflamesheni. Haina homa wala maumivu. Mtu huenda Darajani akarudi na kapu lake bila kuhisi lolote. Ni kama makumbi yanayofuka: mwali huuoni, moto umo.

Kinga ikiwa macho muda wote, si ndiyo vizuri?

La, hapo ndipo penye tatizo. Virusi vikiingia, mwili hutegemea interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli za jirani zijilinde kabla virusi havijazaliana. Kwa mwenye unene uliopitiliza, interferoni aghalabu huchelewa na huwa dhaifu, kwa hiyo virusi hupata nafasi. Kinga inapokuja kushtuka, huja kwa kishindo juu ya inflamesheni iliyokuwapo tangu zamani: mapafu hujaa majimaji, damu huganda kwenye mishipa midogo. Madhara mengi ya hatua hiyo hutoka kwa kinga yenyewe.

Na si yeye peke yake anayeumia. Utafiti wa Nicaragua uliochapishwa 2018 uliona kuwa watu wazima wanene hutoa virusi vya mafua aina ya A kwa muda uliozidi wa wengine kwa asilimia 42.

Haya si mambo ya Uviko tu?

Hapana. Yalionekana tangu mafua ya nguruwe (H1N1) ya 2009. Uviko uliyarudia kwa ukubwa zaidi.

Mbona akilala chali anahema?

Tumbo linasukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na sehemu ya chini ya mapafu haifunguki vizuri. Mwegemezeni kwa mito, au alale ubavu.

Kwetu kunenepa ni kunawiri. Nitajuaje nimepitiliza?

Chukua tepu ya fundi cherehani, pitisha kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, soma. Mwanamke kuanzia sentimita 80 na mwanamme kuanzia 94, hapo pana hatari. Si lazima urudi umbo la ujanani: kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kwa kawaida hushusha inflamesheni. Mimi ningeanza na sukari ya chai na kaimati za kila jioni, kabla ya kugusa wali wa mtu.

Nikichanjwa, basi?

Chanja. Lakini utafiti wa Marekani wa 2017 uliona watu wazima wanene waliochanjwa wakipata mafua au ugonjwa wenye dalili kama zake karibu mara mbili ya waliochanjwa wenye uzito wa kawaida, kwa hiyo dalili usizipuuze.

Lini tumpeleke hospitali?

Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, midomo ikigeuka buluu, akianza kuchanganyikiwa, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 94. Aende usiku huo huo, na asiambiwe kuwa ni unene wake tu unaomhemesha.